SOMO LA KAZI ZA MIKONO: MTO WA SINDANO WENYE NYUMBA NANE



Tukisema "mto" hapa Yanonge, kila mtu anageuza macho kutazama maji makubwa yanayopita mbele yetu. Mto wa leo siyo ule. Ni mto wa kulalia, lakini mdogo sana, unaenea katika kiganja cha mkono, na wanaolala ndani yake siyo watu, ni sindano na pini. Mafundi wa kushona wanauweka karibu na mashini yao. Wengine wanaufunga mkononi kama saa.

Katika kalasi ya kukata na kushona, huu ni kazi ya kwanza ya kutarizi kwa mashini, ile tunayozoea kuita broderi. Lakini somo si la wasichana peke yao. Ninajua kuna vijana watageuza ukurasa huu upesi wakisema: "Kushona ni kazi ya wadada." Haya, nendeni sokoni mutazame nani anakaa mbele ya mashini anapunguza suruali zenu. Wengi ni wanaume, sivyo? Basi someni pamoja nasi.

1. SINDANO MOJA ILIYOPOTEA

Zamani nilifundisha kushona katika shule moja, jina lake sitataja. Tulikuwa na mashini tatu kwa wanafunzi 26. Sindano tuliziweka wapi? Kila mtu pahali pake: mmoja katika kola ya blauzi, mwingine katika nywele, mwingine katika ukuta wa udongo, mwingine katikati ya daftari. Wengine walizishika kwa meno huku wakiongea! Nilikuwa ninaona, nikanyamaza.

Siku moja, kengele imekwisha kulia, msichana mmoja akanijia polepole.

— Mama, shindano yangu haiko.

— Uliiweka wapi, mwanangu?

— Niliitia hapa, mu mukono ya blauzi. Sijue ilianguka wapi.

Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia: "Si kitu, kesho tutaitafuta." Tukafunga mashini, tukaenda kula.

Mchana ule chumba chetu kilitumiwa na watoto wa shule ya msingi, na wengi wao hawakuwa na viatu. Mtoto wa mwaka wa pili akaikanyaga. Sindano ikaingia katika kisigino, ikakatika, kipande kikabaki ndani. Baba yake alimchukua juu ya kinga mpaka kituo cha afya, wakapasua, wakakitoa. Mtoto alikosa masomo majuma matatu.

Baba yule hakunitukana. Alikuja tu, akaweka juu ya meza yangu karatasi ndogo iliyokunjwa. Ndani yake mulikuwa kipande cha chuma, hakifiki hata nusu ya kidole. Akasema: "Mama mwalimu, hii ni ya kwenu." Kiisha akaenda.

Tangu siku ile ninahesabu.

Tusidanganyane hapa: wengi wanasema kwamba kutu ya sindano ndiyo inaleta pepopunda. Siyo kutu yenyewe. Pepopunda inaletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anayekaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Sindano iliyolala chini inaweza kumbeba na kumpeleka ndani kabisa ya nyama, pahali hewa haifiki, na mdudu huyu anapenda sana pahali pa namna ile. Kwa hiyo, hata sindano mpya inayong'aa ni hatari ikichoma mguu. Aliyechomwa aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha aende kituo cha afya kuulizwa habari za chanjo yake. Asingoje kwanza mguu uvimbe.

2. SINDANO INATOKA MBALI

Mwanafunzi atasema: "Lakini sindano ni kitu cha bei ndogo, tutanunua ingine." Tufikiri kidogo.

Katika mwaka 1776 mwalimu mmoja wa Scotland, Adam Smith, aliandika kitabu kikubwa juu ya utajiri wa mataifa. Karibu na mwanzo wake aliweka mfano wa pini. Alieleza kwamba kazi ya kutengeneza pini imegawanywa karibu mara 18: mmoja anavuta waya, mwingine anaunyoosha, mwingine anaukata, mwingine anachonga ncha, mwingine anatengeneza kichwa, na kadhalika. Alisema kwamba watu kumi wakigawanya kazi namna hiyo wanaweza kutoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku moja. Lakini mtu mmoja peke yake, asiyefundishwa, labda hatamaliza hata 20. Wanafunzi wa biashara, andikeni mfano huu, utawafaa katika mtihani. Bei ni ndogo kwa sababu mikono ni mingi. Hii haina maana kwamba kazi ni ndogo.

Tena, hapa kwetu hakuna kiwanda cha sindano. Zinazoshuka melini Matadi zinapanda mpaka Kinshasa, kiisha zinapakiwa katika bateau, zinapanda mto zaidi ya kilometa 1,700 mpaka Kisangani. Angalia maajabu: zinapita hapa mbele ya macho yetu, zinaenda mpaka mjini, kisha mchuuzi anazinunua kule na kuturudishia kwa pirogi! Nyingine zinakuja kwa barabara kutoka mashariki, kupitia Beni. Kwa njia yoyote, mashini ikivunja sindano yake ya mwisho siku ya kwanza ya juma, inaweza kusimama mpaka mtu aende Kisangani na kurudi. Nimeona mashini nzima imekaa kimya juu ya kitu kisicho na uzito wa punje ya muhindi.

Na adui wa sindano hapa ni hewa yenyewe. Ngambo ya mto, kule Yangambi, wenye kupima mvua wanapata karibu milimita 1,800 kwa mwaka. Kitu cha chuma kikiachwa wazi kinashika kutu upesi. Sindano yenye kutu inakwama katika kitambaa, inavuta nyuzi, inaacha alama nyekundu juu ya nguo nyeupe ya mtu.

Kwa hiyo mto wetu una kazi tatu: kushika sindano zisianguke, kuzikinga na kutu, na kutuambia upesi kama moja imekosekana. Kazi hii ya tatu, mito ya dukani haiwezi. Ukichoma sindano kumi na tano ovyo juu ya mto, ikitoka moja, nani ataona? Wetu una nyumba nane, na kila nyumba ina mwenyewe. Nyumba moja ikiwa tupu, jicho linaiona hata kabla ya kuhesabu.

3. KITAMBAA

Vitabu vinasema tutumie feltri. Feltri haifumwi kama kikwembe. Ni manyoya ya kondoo yaliyoloweshwa kwa maji ya moto na sabuni, yakasuguliwa na kugandamizwa mpaka yakashikana. Ukitazama unyoya mmoja kwa mikroskopi, unaona magamba madogo, karibu kama ya samaki. Joto, maji na kusugua vinafanya magamba yale yakamatane, na hayaachani tena. Kwa sababu haina nyuzi za kwenda na kurudi, feltri ikikatwa na makasi haifumuki pembeni. Ndiyo sababu inapendwa kwa kazi ndogo kama hii. Tena manyoya yana mafuta kidogo, nayo yanasaidia sindano isishike kutu.

Sasa, feltri tutaipata wapi? Fanyeni hivi: tafuteni sokoni, katika nguo za mitumba, koti la zamani la manyoya au chandayi ya manyoya ambayo hakuna mtu anaitaka kwa joto la huku. Mara nyingi bei yake ni ndogo. Ikateni, iosheni kwa maji ya moto sana na sabuni, mukiisugua kwa nguvu juu ya ubao wenye mistari. Halafu itieni katika maji ya baridi, tena ya moto, tena ya baridi. Itarudi ndogo na nene. Mama zetu wanalia nguo ikiharibika hivyo. Sisi ndicho tunachotafuta. Lakini angalieni: nguo ya nailoni haitafanya hivyo hata ukiisugua mpaka kesho. Jaribu uzi mmoja katika moto: manyoya yananuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika; nailoni inayeyuka na kuwa kitone kigumu.

Asiyepata manyoya atumie kikwembe. Wengi wenu muna nyumbani vipande vya SOTEXKI, kile kiwanda cha nguo cha Kisangani. Mama wengine wanavitunza bado katika sanduku. Wekeni vipande viwili pamoja, kimoja juu ya kingine, na mupige pasi. Ni pamba, itafumuka pembeni, lakini nitaonyesha namna ya kuificha.

4. KITU CHA KUJAZA

Hapa wengi wanakosea. Wanajaza kitu chochote, kisha wanashangaa sindano zinaoza.

a) Sufi, ile pamba ya mti mkubwa wa msufi. Inapatikana, haipendi maji, haina bei. Lakini ni nyepesi mno: sindano inalegea, na mto unaruka ukiuguswa. Tutatumia kidogo tu.

b) Unga wa msumeno, yaani ile takataka ya mbao inayoanguka chini ya msumeno. Huu ni mzuri: ni mzito, unashika sindano imara. Lakini uchekeche, kisha uukaushe juani siku mbili, au katika sufuria juu ya moto mdogo huku ukiukoroga. Ukiwa na unyevu, utatengeneza kutu badala ya kuizuia. Tena uliza fundi ni mti gani. Usichukue unga wa afrormosia, ule mti wa thamani wa misitu yetu. Una kitu kinachoitwa tanini. Kikikutana na chuma na unyevu, vyote viwili vinakuwa vyeusi. Mafundi mbao wanajua: msumari wa kawaida katika afrormosia unalia machozi meusi.

c) Pumba za mchele. Najua, hapa kwetu pumba ni nyingi kuliko maneno. Hapana! Zinabaki na unga na mafuta, zinaita wadudu, na panya atakuja kuula mto pamoja na broderi yako.

d) Nywele za kinyozi, zilizooshwa na kukaushwa. Mafundi wa zamani walizitumia sana. Asiyeona vibaya azichanganye na unga wa msumeno.

Shauri langu: unga wa msumeno ndani ya kifuko kidogo cha kitambaa kizito, na sufi kidogo kukizunguka ili mto uwe laini. Mto mmoja unakula karibu kikombe kidogo cha chai kilichojaa.

5. VITU NA VIPIMO

Kila mwanafunzi atayarishe:

— vipande viwili vya feltri (au kikwembe mara mbili), sentimeta 20 kwa 20 na 12 kwa 12;
— karatasi ngumu ya kartoni, duara ya sentimeta 7;
— uzi wa rangi mbili: njano na nyekundu;
— kitambaa kizito cha kifuko cha ndani;
— penseli, rula, makasi, kipande chembamba cha sabuni.

Chora duara ya sentimeta 10 juu ya karatasi, kwa kompasi au kwa kuzungusha kopo. Kata. Sasa ikunje katikati, ikunje tena, ikunje mara ya tatu. Ukiifungua utaona mistari minne inayopita katikati na nyumba nane zilizo sawa. Mara mbili, mara mbili, mara mbili: nane. Hakuna haja ya kupima pembe, lakini anayependa hesabu atakuta kila pembe ina digri 45.

Weka karatasi ile katikati ya kitambaa kikubwa, zungusha sabuni pembeni, na uweke alama za mistari minne. USIKATE DUARA BADO. Tunatarizi kwanza, tunakata nyuma. Aliyekata kwanza atakosa pahali pa kushika, na vidole vyake vitakwenda karibu na sindano.

6. KUTARIZI KWA MASHINI

Sehemu ya kwanza ni rahisi. Na mguu wa mashini pahali pake, shona mistari minne kwa uzi wa njano, moja kwa moja, kutoka ukingo hadi ukingo. Nyumba zimekwisha kuonekana.

Sehemu ya pili ndiyo broderi yenyewe. Katika kila nyumba tutaweka punje moja ya mchele, kwa sababu mchele ni kazi ya wazazi wetu hapa. Punje iwe na urefu wa sentimeta 1 na upana wa milimita 4, ncha moja ikitazama katikati ya duara na ncha ya pili ikitazama nje. Saba ni za njano, moja ni nyekundu.

Kwa kazi hii mashini haivuti kitambaa. Mikono yako ndiyo inakipeleka. Fuata taratibu:

Kwanza. Tia sindano mpya namba 90. Namba hii ina maana kwamba unene wake ni milimita 0.90. Kwa feltri nene sana tumia 100. Mfereji mrefu wa sindano utazame upande ule uzi unapoingilia.

Pili. Meno yanayovuta kitambaa yashushwe. Mashini nyingi za zamani hazina njia ya kuyashusha. Basi yafunike kwa karatasi ngumu yenye tundu la sindano katikati, na urefu wa mshono uuweke kwenye sufuri.

Tatu. Ondoa mguu wa mashini. Nyosha kitambaa katika duara mbili za mbao mpaka kilie kama ngoma ukikigonga.

Ine. Shusha ule mkono mdogo wa nyuma unaoteremsha mguu, HATA KAMA MGUU HAUPO. Hapa karibu kila mtu anaanguka. Mkono ule ndio unakaza uzi wa juu. Ukiusahau, juu utaona vizuri, lakini chini ya kitambaa patakuwa kiota cha ndege.

Tano. Shika uzi wa juu, zungusha gurudumu mara moja, na uvute uzi wa kaneti uje juu. Shika nyuzi zote mbili, piga mishono mitatu pahali pamoja, kisha ukate mikia.

Sita. Kanyaga pedali sawasawa, na usogeze duara polepole: zunguka punje mara mbili, kisha ijaze kwa kwenda na kurudi.

Miguu mbio, mikono polepole. Kwa nini? Tufanye hesabu. Tuseme mashini inapiga mishono 300 kwa dakika, na tunataka mshono wa milimita 2. Basi 300 mara 2 ni milimita 600, yaani sentimeta 60 kwa dakika, ndiyo sentimeta 1 kwa sekunde. Mikono isipite mwendo huo. Ukivuta duara kwa haraka wakati sindano iko ndani, sindano inapinda, inagonga chuma cha chini, inakatika, na kipande kinaweza kuruka mpaka usoni. Kwa hiyo: vidole vikae mbali na sindano, sentimeta 3 au zaidi, maana sasa hakuna mguu wa kuvikinga, na yeyote anayetazama asiinamishe uso juu ya mashini ya mwenzake.

Wenye mashini ya kuzungusha kwa mkono wasihuzunike. Wafanye wawili wawili: mmoja anazungusha, mmoja anaongoza duara. Watakaogombana hawatapata punje, watapata viazi!

Kazi ya kwanza haitakuwa nzuri. Fanyeni mazoezi juu ya kitambaa cha zamani, punje kumi, ishirini. Fundi Mfaransa Barthélemy Thimonnier, aliyepata hati ya mashini yake ya kushona mwaka 1830, alianza kwa kutazama wanawake waliotarizi kwa kulabu ndogo. Maana yake, broderi ni mama mzazi wa mashini ile, siyo pambo lililoongezwa nyuma.

7. KUUNGANISHA NA KUJAZA

Kata sasa duara ya juu, sentimeta 10, na duara ya chini sawasawa nayo.

Wenye feltri: weka duara mbili migongo ndani, broderi ikitazama nje, na shona kuzunguka kwa nusu sentimeta kutoka ukingoni. Acha mlango wa sentimeta 4. Hakuna haja ya kugeuza.

Wenye kikwembe: weka nyuso ndani, shona vilevile, kata vijino vidogo pembeni bila kugusa mshono, kisha geuza kupitia mlango. Hivyo pembe zinazofumuka zinabaki ndani.

Kunja kartoni kidogo, ipitishe mlangoni, na uinyoshe chini. Hii ni ngao: sindano ya mkono ina urefu wa karibu sentimeta 4, bila ngao itatokea chini na kukuchoma kiganja. Tia kifuko kitupu ndani, kijaze unga wa msumeno ukiusukuma kwa mgongo wa penseli, mpaka kidole gumba kikigandamiza kisizame. Funga kifuko, zungushia sufi, kisha funga mlango kwa sindano ya mkono, mshono mdogo mdogo usioonekana.

8. SHERIA YA NYUMBA NANE

Mto umekwisha. Bila sheria, ni pambo tu. Sheria zetu ni hizi:

1. Nyumba nne ni za sindano za mkono. Nyumba tatu ni za pini. Nyumba yenye punje nyekundu ni ya sindano ya akiba ya mashini.

2. Kila moja inachomwa kwenye ncha ya nje ya punje yake, ikilala kidogo upande, siyo kusimama kama mnazi.

3. Sindano ya mkono isilale bila uzi. Iache na mkia wa sentimeta 10. Sindano nyembamba inaweza kuzama ndani ya mto na kupotea. Mkia utakuonyesha imepita wapi.

4. Sindano ikivunjika, vipande vyote vinatafutwa na kuwekwa katika kikopo chenye kifuniko. Sindano mpya haitolewi mpaka vipande vya ile ya zamani vimepatikana. Musiseme kwamba Mama mwalimu ni mkali: viwanda vingi vya nguo duniani vina sheria hii hii, maana hawataki mtoto wa mtu avae shati yenye ncha ndani.

5. Kwa kutafuta chini, tumieni sumaku iliyotolewa katika haut-parleur ya redio iliyokufa. Ifungeni kamba, muivute polepole juu ya sakafu. Chumba chetu ni cha udongo. Macho peke yake hayatoshi.

6. Kengele ikilia, hakuna anayesimama. Kiongozi wa kalasi anauliza: "Nane?" Kila mmoja anatazama mto wake na kujibu: "Nane!" Mmoja akijibu "Saba", sote tunabaki. Hata kama chakula kiko mezani. Hata kama mvua inakuja.

Juu ya sheria hii ya sita, najua mutanung'unika. Mwanafunzi mmoja aliniuliza:

— Mama, sindano ni ya ule mmoja. Sisi wengine tunafungwa juu ya nini?

Swali ni zuri. Nilimjibu hivi: Sindano ni ya mmoja, lakini sakafu ni ya wote. Ikishaanguka haina tena mwenyewe. Ni ya mguu wa kwanza utakaopita. Na mguu ule, kwa kawaida, ni wa mtu ambaye hakuwa katika kalasi, hakujua kama tulikuwa tunashona, na hana viatu.

Ndugu zangu, ninatunza bado ile karatasi iliyokunjwa. Iko katika sanduku langu la kazi, pamoja na kipande kile. Mtoto yule amekuwa mtu mzima na anatembea vizuri, tunamshukuru Mungu. Lakini siku ile kazi ya kutafuta ingechukua dakika kumi, nami nilisema "kesho".

MASWALI YA KUJIPIMA (jibuni katika daftari)

1. Kalasi ina wanafunzi 26, kila mmoja ana mto wenye nyumba nane. Jumla ya sindano na pini ni ngapi? Kengele ikilia tukapata 207, tufanye nini?

2. Kwa nini feltri haifumuki pembeni, na kikwembe kinafumuka?

3. Mwenzako anatarizi, juu ya kitambaa ni safi, chini ni kiota cha ndege. Amesahau nini?

4. Mashini inapiga mishono 240 kwa dakika. Tunataka mshono wa milimita 2. Mikono iende sentimeta ngapi kwa dakika?

5. Fundi mbao amekupa bure unga wa afrormosia, tena mkavu. Utaupokea kwa mto wako? Eleza kwa nini.

6. Kwa vijana na wasichana wote: nyumbani kwenu sindano inakaa wapi? Andika ukweli. Kisha mutengenezee mama mto wa pili, na muhesabu pamoja naye jioni.